Jiwe la Mwadui, bei ya Hong Kong



Leo tuachane kidogo na Simba na Yanga, tuongelee jiwe. Oktoba 2022, kule Hong Kong, almasi moja ya pinki yenye karati 11.15 ilipigwa mnada kwa dola milioni 57.7. Hiyo ni zaidi ya dola milioni 5 kwa karati moja, na karati moja ni gramu 0.2 tu! Rekodi ikavunjwa. Jiwe lilitoka wapi? Mwadui, Shinyanga. Hapa hapa kwetu.

Sasa twende taratibu. Lilipotoka shimoni lilikuwa na karati 32.32, na mwaka 2021 liliuzwa likiwa ghafi kwa dola milioni 13.8. Likakatwa, likang'arishwa, likapoteza karibu theluthi mbili ya uzito wake. Jiwe likawa dogo, bei ikapanda mara nne. Sawa, humo ndani kuna gharama, kuna hatari ya kulipasua na kuna ada ya mnada. Lakini ule mruko wa karibu dola milioni 44 ulitokea likiwa limeshavuka mipaka yetu.

Kwa nini inakuwa hivi? Shuleni tulikariri kwamba almasi ni namba 10 kwa ugumu, hakuna madini yanayoikwaruza. Sokoni ugumu si hoja. Wanaangalia vitu vinne: uzito, rangi, usafi wa ndani na ilivyokatwa. Dhahabu ina bei ya dunia, hata hapo kafe unaipata kwa dakika moja. Almasi haina. Mbili za uzito ule ule zinaweza kupishana bei kama mbingu na ardhi. Bei inaanzia kwenye jicho la mthamini.

Mnakumbuka sakata la 2017? Serikali ilizuia pale uwanja wa ndege wa Dar es Salaam shehena ya almasi za Mwadui, zaidi ya karati 70,000. Makaratasi yalisema dola milioni 14.8. Timu iliyochunguza upya ikasema hapana, ni milioni 29.5. Petra Diamonds, iliyokuwa ikiendesha mgodi wakati huo, ikajibu kwamba kuthamini kabla ya kusafirisha ni kazi ya wathamini wa serikali. Mzigo ule ule, bei mbili! Na mrabaha, asilimia 6 tangu mwaka huo, unapigwa kwenye thamani hiyo hiyo. Ukikosea thamani, umejipunja mwenyewe.

Hata jina hatukuambulia. Jiwe la Hong Kong liliitwa Williamson Pink Star. Williamson ni yule Mkanada, John Williamson, aliyegundua mgodi mwaka 1940. Pink Star ni jina la kuazima kutoka almasi nyingine maarufu. Mwadui haimo. Ndiyo mchezo wa miaka yote: mwaka 1947 ilipatikana pale pinki ya karati 54.5, akazawadiwa Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Ikakatwa ikabaki karati 23.6, ikawa pambo la kifuani. Nayo ikaitwa Williamson.

Mwaka 2021 tulikubaliana na Petra hisa za serikali zipande kutoka asilimia 25 hadi 37, na wengi tukashangilia. Si vibaya. Ila hisa za mgodi zinakupa sehemu ya mapato ya mgodi, basi. Mruko ule wa bei uko mbele ya safari, kwa anayejua kukata na kuuza.

Watu wanasema sisi hatuwezi. Mbona Botswana waliibana De Beers mpaka mwaka 2013 ikahamisha mauzo yake kutoka London kwenda Gaborone? Na sisi tulikuwa na kiwanda cha kukata almasi Iringa, Tancut. Kikatufia mikononi. Siyo kwamba kesho tukate jiwe la mamilioni, hapana. Tuanze na mawe madogo, na wathamini wengi wanaolipwa vizuri kiasi kwamba bahasha haiwatishi. Chuo cha vito kipo Arusha, na vijana tuliomaliza form four tukabaki mtaani tupo kibao.

Mimi naona mthamini mmoja mwenye jicho kali na mikono misafi anatufaa kuliko hotuba kumi za "madini yetu".

Wadau mnasemaje? Waliofika Mwadui, tupeni data. Hoja tu, matusi hapana.