Sayansi inayopita juu ya Mlima Kenya

WATALII wafikapo Nanyuki hupigwa picha kwenye bango la ikweta, kisha huonyeshwa maji yakizunguka upande huu na ule katika karai. Huo ni ustadi wa mkono tu. Sayansi yenyewe imekuwa ikipita kilomita 600 juu ya vichwa vyao.

Setilaiti ya IXPE, iliyorushwa Desemba 9, 2021 kwa ushirikiano wa Marekani na Italia, iliwekwa kwenye njia inayofuata ikweta. Kwa hivyo hupita jirani na kilele cha Mlima Kenya takriban mara 14 kwa siku, na kituo chake kikuu cha kupokelea data kiliwekwa Malindi.

Kazi yake ni kupima polaraizesheni ya eksirei, yaani upande ambao mawimbi yake hutikisikia, mfano wa kamba inayotikiswa juu na chini au kushoto na kulia. Nadharia ya Einstein ya 1915 yaeleza kuwa nguvu ya uvutano hupinda njia ya mwanga, na upande wa mtikisiko hugeuka nayo. Kando ya shimo jeusi linalozunguka, anga lenyewe huburutwa, na mwanga utokao karibu zaidi hugeuzwa zaidi. Mnamo 1977, wanasayansi Stark na Connors walipendekeza kuwa mgeuko huo upimwe katika Cygnus X-1.

Kenya ina historia na nyota hiyo. Setilaiti iliyoitwa Uhuru, iliyorushwa kutoka pwani ya Malindi Desemba 12, 1970, ndiyo iliyosaidia kuitambua kuwa huenda ni shimo jeusi. IXPE iliporudi kuitazama mwaka wa 2022, ilipata polaraizesheni ya takriban asilimia 4, zaidi ya ilivyotarajiwa. Upande wake uliambatana na ule wa mkondo wa gesi unaofyatuka humo, ishara kwamba gesi moto imetandazwa kama sahani.

Yafaa kuuliza ni nani nchini anayezisoma data hizo. Kisingizio cha kunyimwa hakipo: NASA huziweka wazi kwenye intaneti bila malipo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi mjini Nyeri, au wa Karatina, aweza kuzipakua leo hii. Darubini si lazima. Kinachohitajika ni mhadhiri wa kumfundisha hesabu za Einstein, kompyuta, na muda wa utafiti, mambo ambayo bajeti za vyuo huyaweka nyuma ya kozi zinazovutia karo.