Adui wa Maharagwe Alalaye Udongoni

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo yamfaa sana mkulima wa maharagwe. Mvua zikianza, maharagwe huchipua vizuri, na baada ya siku chache majani huwa na matundu kama chujio. Hapo husemwa ya kuwa wadudu wametoka shamba la jirani. Mara nyingi sivyo. Adui huyo alikuwamo shambani tangu mavuno yaliyopita.

Huyo ni mbawakawa wa majani, ambaye wataalamu humwita Ootheca bennigseni, naye anapatikana Kenya, Tanzania na nchi nyingine za jirani. Ni mdogo, urefu wake wapata milimita 6, ana umbo la yai na mgongo wenye kung'aa.

Mbawakawa mzima hula majani machanga. Kisha jike hutaga mayai udongoni, karibu na mashina. Mabuu yakianguliwa hula mizizi. Mmea huwa manjano, hunyauka, na maganda hukauka kabla ya wakati. Mkulima asiyeona mdudu yeyote hulaumu jua. Mabuu hayo hugeuka kuwa mbawakawa humo humo chini, lakini hawatoki. Hulala kiangazi chote, hata mvua zilowanishe ardhi. Ndipo hutoka, wakati ule ule maharagwe yanapochipua.

Basi hapo ndipo penye udhaifu wake, kwa kuwa huzaa kizazi kimoja tu kwa mwaka. Shamba likipandwa mahindi au alizeti peke yake, mabuu hukosa mizizi ya kula. Lakini yule apandaye maharagwe kati ya mahindi kila mwaka asidhani kwamba amebadilisha mazao. Adui bado anaandaliwa chakula pale pale. Kunde nazo huliwa na mdudu huyu, kwa hiyo hazifai kushika zamu ya maharagwe. Na kwa kuwa mbawakawa huruka, ni vema majirani wapatane kubadilisha mazao pamoja.

Jambo la pili ni kulima kwa kina mara baada ya kuvuna. Wadudu waliolala hufukuliwa, wakafa kwa jua au wakaliwa na ndege na kuku. Mtu aliyechoka na mavuno huiona kazi hiyo kuwa ya bure. Lakini jembe la siku hiyo ndilo lilindalo maharagwe ya mwaka ujao.