Nywele zikinyonyoka, usikimbilie kulaumu mboga

Majuzi aliingia katika chumba changu cha matibabu dada mmoja wa miaka 29, akatoa mkobani karatasi iliyokunjwa na kuifungua mezani. Ndani mlikuwa na nywele alizokusanya kwenye kitana kwa siku tatu. Miezi saba kabla ya hapo alikuwa ameacha nyama, samaki, mayai na maziwa. Jamaa zake walikuwa wamekwisha kumhukumu: arudie nyama, la sivyo atabaki na upara.

Nakiri kwamba miaka kumi iliyopita nami ningempa jibu hilo hilo, kisha nimwite mgonjwa anayefuata. Leo naliona kuwa jibu la uvivu. Nyama ikiondolewa kwenye sahani, swali la kwanza ni hili: mahali pake pamewekwa nini?

Nilimuuliza alikula nini jana yake. Asubuhi, chai ya rangi na mkate. Mchana, chipsi. Jioni, ugali na sukuma wiki, kisha chai tena. Hapakuwa na maharagwe, ndengu, kunde wala njugu. Nyama ilikuwa imeondoka na nafasi yake ikaachwa wazi.

Unywele hujengwa kwa protini. Mtu mzima mwenye afya anahitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60 anahitaji kama gramu 48 kwa siku. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa humpa gramu 15 hivi. Kwa hiyo githeri yenye maharagwe ya kutosha, ndengu za jioni na konzi ya njugu karanga si chakula cha kudharauliwa.

La pili ni madini ya chuma, hasa kwa wanawake wanaopata hedhi. Chuma kilichomo katika mimea hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama, na chai tunayoipenda huongeza shida hiyo. Ikinywewa pamoja na mlo, inaweza kupunguza kwa zaidi ya nusu kiasi cha chuma kinachofyonzwa. Ngoja walau saa moja baada ya kula. Badala yake kamulia ndimu kwenye mboga, au kula chungwa papo hapo, kwani vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini. Aidha, roweka maharagwe usiku kucha na umwage maji yake, ili chuma na zinki vifyonzwe vyema zaidi.

La tatu ni vitamini B12, na hapa sitakuficha ukweli: hakuna mboga wala nafaka unayoweza kuitegemea kwa vitamini hii. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na wa mahindi unaouzwa katika pakiti uongezwe virutubishi, B12 ikiwemo. Lakini unga unaosagwa kwenye kinu cha mtaani kwa kawaida hauongezwi kitu. Asiyekula chochote cha mnyama na ameze tembe za B12. Upungufu wake unaweza kudhuru damu na neva, na hayo ni mazito kuliko nywele.

Tahadhari na vidonge vya biotini vinavyosifiwa kila mahali. Ni watu wachache mno wanaopungukiwa na biotini. Isitoshe, mnamo 2017 idara ya Marekani ya kusimamia dawa, FDA, ilionya kwamba biotini nyingi inaweza kupotosha majibu ya vipimo vya damu. Tembe za chuma nazo usizinunue kwa kubahatisha, maana chuma kikizidi ni sumu. Pima damu kwanza, pamoja na feritini, ambayo huonyesha akiba ya chuma mwilini.

Hata hivyo, si kila unyonyokaji hutokana na sahani. Nywele zikipungua kwenye paji na pembeni mwa uso, chunguza misuko inayobana. Homa kali, kujifungua na maradhi ya tezi ya shingoni pia huzipukutisha. Ukiona mabaka ya duara au magamba kichwani, muone daktari.

Yule dada alipimwa, akakutwa na akiba ndogo ya chuma. Nilimwandikia tembe za chuma na za B12, akaanza kula ndengu na maharagwe, akaihamisha chai yake hadi saa nne. Nilimwomba subira, kwa sababu nywele hukua takriban sentimita 1 tu kwa mwezi. Baada ya miezi mitano alirudi akiwa na vinyweleo vipya kwenye utosi, na hadi leo hali nyama.

Wapo walioacha nyama kwa imani, wapo walioiacha kwa afya, na wengi hawaili kwa sababu bei yake imewashinda. Huyu wa mwisho, akiambiwa "kula nyama", anatoka kwa daktari mikono mitupu. Wote hao wanastahili kuulizwa wanakula nini, kupimwa, na kuelekezwa kwa vyakula vilivyo sokoni mwao. Nasi madaktari tuache kuwakemea.