Jezi kama Utungo: Sanaa ya Waaborijini katika Viwanja vya Australia

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa mapema kwamba utungo hautengani na fanani wake, hadhira yake na muktadha wa utendaji wake. Kanuni hiyo haijapenya vyema katika ulimwengu wa michezo. Nchini Australia, michoro ya Waaborijini, wenyeji asilia wa nchi hiyo, hupamba jezi za kandanda, raga na kriketi, na watazamaji wengi huviona vitone, mistari na nyayo kuwa nakshi tu. Kwa wenye sanaa hiyo, huo ni usimulizi. Mviringo huweza kuwa kisima au mahali pa kukutania. Mstari huweza kuwa njia aliyopita mhenga wakati ardhi ikiumbwa. Mjuzi wa leso hanunui kabla ya kusoma jina. Basi kwa nini jezi ivaliwe bila kusomwa?

Mfano mwema ni jezi iliyovaliwa na timu ya wanaume ya Australia dhidi ya India mnamo Desemba 2020. Ilibuniwa na Fiona Clarke akishirikiana na Courtney Hagen. Clarke ni kilembwe wa Grongarrong, mmoja wa wachezaji Waaborijini waliosafiri hadi Uingereza mwaka 1868, wakiwa timu ya kwanza ya kriketi kutoka Australia kuzuru huko. Walicheza mechi 47, wakashinda 14 na kushindwa 14. Mmoja wao, aliyejulikana kama King Cole, alifia London akazikwa huko huko. Kwa hivyo aliyebuni jezi hiyo hakuazima kisa cha watu. Alisimulia cha ukoo wake.

Si kila mchoro uliofika kwenye nguo ulifika kwa njia hiyo. John Bulun Bulun, msanii wa Arnhem Land, alikwenda mahakamani mwaka 1989 baada ya michoro yake kunakiliwa kwenye fulana bila idhini. Katika kesi nyingine iliyoamuliwa mwaka 1998, iliyohusu vitambaa, mahakama ilikiri kwamba msanii huyo ana wajibu wa kuulinda ujuzi wa kimila wa watu wake, Waganalbingu, lakini haikukubali kwamba watu hao ni wamiliki wenza wa hakimiliki ya mchoro. Hapo ndipo penye utata. Sheria humtafuta mtunzi mmoja mwenye jina, ilhali kisa ni mali ya jamii nzima, na anayekichora amepewa ruhusa tu ya kukichora.

Wapo wanaodai kwamba jezi huifikisha sanaa kwa maelfu ya watu ambao hawangekanyaga jumba la maonyesho. Dai hilo lina uzito. Hata hivyo, kuipenda nguo si kumpenda aliyeisimulia. Mnamo Mei 2015, Adam Goodes wa Sydney Swans, mchezaji bora wa ligi ya AFL katika miaka ya 2003 na 2006, alifunga bao dhidi ya Carlton kisha akacheza ngoma ya vita ya wenyeji asilia. Ilikuwa raundi iliyotengwa mahsusi kuuenzi mchango wa watu wake! Zomeazomea iliyokuwa ikimwandama ilizidi, na mwaka huo huo akastaafu. AFL na klabu zake ziliomba radhi mwaka 2019. Ajabu ni kwamba sanaa iliyotulia kwenye kitambaa ilishangiliwa, ila ilipotendwa kwa mwili, yaani ilipokuwa fasihi simulizi kamili, ikawa kero.

Raundi hiyo, ambayo tangu 2016 imepewa jina la Sir Doug Nicholls, huisha, na jezi za kawaida hurudi. Kwa hiyo swali la haki haliwezi kuachiwa kalenda. Klabu inayotaka mchoro imtaje msanii na watu wake kwenye jezi yenyewe, mahali panapoonekana kama panavyoonekana jina la mfadhili, na impe sehemu ya fedha ya kila jezi inayouzwa. Kisha iwaulize wazee. Kuna visa wasivyoruhusu vitoke nje ya jamii. Klabu ikikataliwa, ivae rangi zake za kila siku.