Kwa sikio la mtoto, kukawia si kufika

Wahenga walisema kawia ufike. Hekima hiyo humfaa msafiri, lakini nimeshuhudia ikimdhuru mtoto.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kijiji kimoja cha Ganze, Kilifi, nikirekodi mazungumzo ya watoto kwa ajili ya utafiti. Miongoni mwao alikuwa mvulana wa miaka mitatu ambaye hakuwa akisema lolote. Nyanyake alinitoa wasiwasi: "Mwalimu, hata babake alichelewa kusema. Huyu naye atasema." Nilisimama nyuma ya mtoto nikapiga makofi. Aligeuka. Nami nikaamini kwamba anasikia.

Nilikosea. Mtoto huyo aligunduliwa kuwa kiziwi akiwa na umri wa miaka sita, baada ya mwalimu wa chekechea kushikilia kwamba apelekwe kupimwa. Huenda makofi yangu aliyahisi kwa upepo, au aliona kivuli changu. Ikiwa mwenye shahada ya uzamifu katika isimu alihadaika hivyo, mzazi wa kijijini atalaumiwaje?

Kwa hakika, uziwi wa mtoto mchanga ni mgumu kutambua. Katika miezi ya kwanza yeye hulia, hucheka na hutoa sauti za kitoto kama wenziwe. Tofauti huanza kudhihirika pale wenziwe wanapoanza kurudiarudia silabi kama "ba-ba-ba", aghalabu kati ya mwezi wa sita na wa kumi. Hata hapo, kimya chake hufasiriwa kuwa upole au ukaidi.

Lakini lugha haingoji. Ubongo wa mtoto huipokea kwa wepesi zaidi katika miaka ya mwanzo. Ndiposa wataalamu wanapendekeza mtoto akaguliwe masikio kabla ya kutimiza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Utafiti wa Christine Yoshinaga-Itano na wenzake kuhusu watoto wa Colorado, Marekani, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kwamba waliotambuliwa kabla ya miezi 6 waliwapita kilugha waliotambuliwa baadaye. Mvulana wa Ganze alisubiri miaka sita.

Fauka ya hayo, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya visa vya watoto kupoteza uwezo wa kusikia vinaweza kuzuiwa. Surua, homa ya uti wa mgongo na usaha wa sikio usiotibiwa ni baadhi ya sababu zake.

Tutaambiwa kwamba mashine za kupimia ni ghali na zahanati ni maskini. Iwe hivyo, maswali hayana bei. Mama humpeleka mtoto kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 kwa chanjo ya surua. Muuguzi anayempima uzito na amuulize mama: Je, hushtuka kwa kishindo? Hugeuka ukimwita asipokuona? Maswali hayo hayachukui nafasi ya kipimo, ila yataonyesha nani apelekwe hospitali upesi. Kwa kuwa tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya zimo mikononi mwa kaunti, magavana wanaweza kuliamrisha jambo hili, na kununua angalau mashine moja kwa kila hospitali ya kaunti ndogo.

Aidha, msaada usidhaniwe kuwa ni kifaa cha sikioni tu. Lugha ya Ishara ni lugha kamili, yenye sarufi yake, na Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaka serikali kuiendeleza. Mzazi naye afunzwe, ili mtoto awe na mtu wa kuzungumza naye nyumbani.

Uziwi peke yake haukumnyima yule mvulana lugha. Tulimnyima sisi tuliongoja, nami nikiwa mmoja wao. Wazee wetu walituonya pia: chelewa chelewa, utapata mwana si wako.