Kirungu cha Saraka

Iko desturi mbaya iliyokwisha kuota mizizi majumbani mwetu na hata katika ofisi za umma. Kabati au meza ya zamani ikipotewa na kirungu kimoja cha mti, yaani kile kishikio cha mviringo ambacho kwacho huvutwa saraka, samani nzima huhesabiwa kuwa mbovu. Ama hutolewa uani ikanyeshewa na mvua, ama huuzwa kwa bei ya kuni kwa mchuuzi aijuaye vizuri thamani yake, ama hupachikwa kishikio cha plastiki au cha bati kilichonunuliwa dukani. Nasema waziwazi kwamba njia zote tatu ni uharibifu, na hiyo ya tatu, ambayo watu huiita ukarabati, ndiyo yenye hila zaidi, maana hujificha nyuma ya nia njema.

Tuitazame kazi yenyewe. Kirungu cha mti cha zamani, kwa kawaida, hakikufungwa kwa parafujo. Kina ulimi wake wa mviringo, uliotokezwa katika kipande kile kile cha mti, ukaingizwa katika tundu la ubao wa mbele na kushikwa kwa gundi ya ngozi. Pengine ulimi hupasuliwa kwa ndani ukapigiwa kabari. Gundi hiyo hulegea kwa joto na unyevu, hata fundi atakayekuja vizazi viwili baadaye aweza kukitoa kirungu bila ya kuuumiza ubao. Kishikio cha dukani chataka tundu jipya, mara nyingi mawili, na parafujo ya chuma. Katika hewa ya chumvi ya Unguja, Tanga au Lamu chuma hicho hushika kutu, kutu huvimba, na ubao uliokaa miaka mia pasipo ufa hupasuka.

Fundi anayeijua kazi yake huanza kwa kupima kirungu kilichosalia. Akikipima kwa bikari pande mbili, ataona kwamba si duara kamili. Mti unapokauka hunywea zaidi kwa kufuata pete zake kuliko kutoka kiini kwenda ganda, na kwa sababu hiyo kitu kilichokerezwa duara huelekea umbo la yai baada ya miaka mingi. Kisha hutafuta mti wa jamii ile ile, mvule kwa mvule, msaji kwa msaji, mninga kwa mninga, uliokwisha kukauka sawasawa, na aghalabu huupata katika ubao wa samani nyingine iliyokwisha kuvunjika. Huukereza, na asiye na kerezo huuchonga kwa kisu na tupa, akiugeuza-geuza mkononi mpaka umbo litokee. Humalizia kwa msasa, neno ambalo lilikuwa jina la mti wenye majani ya kukwaruza kabla ya kuwa jina la karatasi ya dukani. Lugha yetu haikulipata neno kukereza vitabuni. Ililipata kwa watu waliokaa chini wakazungusha mti siku nzima.

Wapo wasemao kwamba samani hizi si zetu hata kidogo: makasha yalikuja na majahazi kutoka India na Ghuba, makabati yaliachwa na Wajerumani na Waingereza, na mengi yalipamba nyumba za watu waliokula jasho la watumwa. Hoja hii ina ukweli ndani yake, wala siikwepi. Lakini si kila kitu kilishuka jahazini. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika katika karne ya 19 kwa useremala wake, kwa kazi za ngozi na kwa unakili wa misahafu. Na ile samani iliyotoka ng'ambo, ni nani aliyeitengeneza kila ilipovunjika? Mafundi hao hawakuandika majina yao juu ya ubao, ilhali jina la mwenye nyumba lajulikana mpaka leo. Kuitupa kazi ya fundi kwa sababu ya dhambi za mwenye nyumba ni kumpa bwana yule ushindi mara ya pili.

Wengine husingizia uchumi. Kishikio cha dukani, wasema, ni rahisi. Ni rahisi kwa nani? Mchuuzi aliyelinunua kabati kwa bei ya kuni hakimbilii dukani. Humtafuta fundi amkerezee kirungu, kisha huliuza kwa mgeni kwa bei ambayo mwenyewe wa kwanza hataisikia kamwe. Na mpingo wetu wasafirishwa hadi Ulaya ukakerezwe klarineti na zumari za thamani kubwa, wakati sisi twanunua plastiki.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, huku Tanzania Bara, iliitaja milango iliyochongwa kabla ya 1940 kuwa ya kulindwa. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Hayo ni mema. Lakini mlango huonekana barabarani, na mgeni huupiga picha. Saraka imo ndani, haipigwi picha na mtu. Tangu ilipoundwa wizara ya utamaduni mwaka 1962, wengi wetu tumezoea kulisikia neno utamaduni tukafikiria ngoma ya kumpokea mgeni wa heshima. Sina ugomvi na ngoma. Nina ugomvi na kiongozi apigaye makofi ngomani asubuhi, na jioni akatia saini meza ya mvule itupwe kwa kukosa vishikio viwili.

Kijana anayejifunza useremala katika vyuo vyetu vya ufundi apewe, siku ya mtihani, saraka ya zamani yenye kirungu kimoja, na aambiwe akifanyie mwenzake. Na kila hati ya kufuta samani za umma iwe na mstari mmoja wa kujazwa kabla ya saini: fundi gani aliitwa, na alisema nini?