Tarakilishi kuukuu si lazima iwe taka

Mwezi wa Oktoba mwaka 2025 ulileta mambo mawili katika kaunti za Kisii na Nyamira, na ni moja tu lililozungumzwa. La kwanza ni bonasi ya majani chai, ambayo wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa waliinung'unikia kwa kuwa ilikuwa duni ikilinganishwa na waliyopata wenzao wa Mlima Kenya. La pili lilipita kimya. Tarehe 14 ya mwezi huo kampuni ya Microsoft iliacha kuuhudumia mfumo endeshi wa Windows 10, isipokuwa kwa wale waliojisajili kwa muda wa nyongeza.

Mambo haya hukutana mfukoni mwa mzazi. Bonasi hulipa karo, huezeka nyumba na, pakibaki kitu, humnunulia tarakilishi kijana aliyeingia Chuo Kikuu cha Kisii. Tarakilishi anayoimudu mzazi huyo ni ile iliyokwisha kutumika ofisini ng'ambo, ikasafishwa na kuletwa kwetu. Nyingi za aina hiyo zilitengenezwa kabla ya 2018, na kwa masharti ya Microsoft yenyewe haziwezi kupokea Windows 11, maana mfumo huo hudai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au cha baadaye, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0.

Je, mashine hizo ni taka? Nasema si taka, mradi mnunuzi azichague kwa nia ya kuzitilia mfumo wa ukoo wa UNIX.

UNIX ulizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Kwa miaka mingi ulikuwa wa vyuo vikuu na makampuni makubwa, kwani mashine zilizouendesha zilikuwa ghali kupindukia. Mwanzoni mwa 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alinunua kwa mkopo tarakilishi ya nyumbani yenye prosesa ya 386. Alitamani kuwa na mfumo kama ule wa chuoni. Bei ya UNIX wenyewe hakuiweza, akaanza kuuandika wake. Agosti mwaka huo aliwatangazia wengine kazi hiyo, nayo ndiyo Linux. Kisheria Linux haijiiti UNIX, kwa sababu jina hilo ni alama ya biashara, lakini amri zake, mpangilio wa faili zake na fikra zake ni za ukoo huo. Tangu Novemba 2017 tarakilishi zote 500 zilizo katika orodha ya zile zenye nguvu zaidi duniani huendeshwa kwa Linux. Kiini chake kimo pia katika simu ya Android ambayo mama muuza ndizi hupokelea pesa.

Nimekisimulia kisa hicho kwa sababu hali ya Torvalds yafanana na ya mwanafunzi wetu: kijana, deni, na mashine moja ya kawaida. (Umeme, bila shaka, yeye hakukatiwa mara kwa mara.)

Sasa tuingie dukani. Watu wanunuapo mitumba katika soko la Daraja Mbili huligeuza koti ndani nje, huvuta mshono na kujaribu zipu. Watu hao hao wakiingia duka la tarakilishi huuliza bei, hutazama kama kioo chang'aa, kisha huondoka. Hata kama Windows iliyomo ina leseni hawaulizi.

Mshono wa tarakilishi ni kama huu. Prosesa iwe ya biti 64. Diski iwe ya SSD, kwa maana diski ya zamani inayozunguka huchosha hata mfumo mwepesi. Kuhusu kumbukumbu, Linux Mint, mathalani, hutosheka na GB 2, ingawa watengenezaji wake hupendekeza 4. Mimi nasema 8, kwani mlafi siku hizi si mfumo bali kivinjari cha intaneti.

Lililo muhimu kuliko yote ni jaribio. Nenda dukani na flashi iliyokwisha kutiwa Linux, umwombe mwenye duka akuruhusu kuiwasha tarakilishi kutoka humo. Mfumo utaamka bila kuigusa diski. Hapo jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na kila kitufe cha kibodi. Wi-Fi ndiyo husumbua zaidi, hasa baadhi ya chipu za Broadcom. Mashine ikidai nywila kabla hata ya mfumo kuamka, iache. Hiyo ni kufuli ya ofisi ilikotoka. Muuzaji akikataa jaribio, maduka mjini Kisii ni mengi. Jihadhari pia na Chromebook za bei ya chini: nyingi zina hifadhi finyu ya GB 16 au 32, na kuzitilia mfumo mwingine si kazi ya anayeanza.

Kisha kuna radi, ambayo mkazi wa nyanda zetu hahitaji kuelezwa. Kwa sababu hiyo kipakatalishi hufaa kuliko tarakilishi ya mezani: mawingu yakitanda alasiri, chomoa waya ukutani, kazi iendelee kwa betri.

Walimu wa somo la tarakilishi watanipinga, nao wana hoja. Maabara zetu zimezoea Microsoft Access na Publisher, na mtahiniwa wa KCSE hawezi kujitayarisha kwa programu asizozikuta siku ya mtihani. Lakini Microsoft yenyewe ilitangaza kwamba Publisher itaachwa Oktoba 2026, na KCSE ya mfumo wa 8-4-4 imepangiwa kufikia tamati mwaka 2027. Wanafunzi wa mtaala wa umilisi walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 watakuta dunia nyingine. Aliye na hofu aweza kuweka mifumo miwili katika diski moja. Ama kazi za mwalimu katika tovuti za TSC na KNEC, hizo hufanywa kwa kivinjari.

Ugumu halisi ni upweke. Ukikwama na Linux kijijini, fundi wa karibu huenda akakushauri uifute. Hapa ndipo leseni yake inapotufaa: kuinakili na kumgawia jirani ni halali kabisa, hivyo darasa zima laweza kutumia mfumo mmoja na kuulizana. Uhuru huo ndio uliokiwezesha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na Waswidi, kutoa mwaka 2004 programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, pasipo kungoja kampuni ione faida katika lugha yetu.

Kungoja tumekujua. Vipakatalishi vya Darasa la Kwanza viliahidiwa mwaka 2013; vilipoanza kufika mwaka 2016 vilikuwa vimegeuka tableti. Havikuwa, kwa vyovyote vile, vya kukaa nyumbani.

Shule zilizo na maabara za Windows 10 zina uamuzi wa kufanya. Bodi zitaletewa maombi ya kununua mashine mpya, na huenda baadhi yakastahili. Ila kabla ya sahihi kutiwa, mwalimu wa somo apewe mashine moja kuukuu, aiwekee Linux, na wanafunzi waachwe waichokore muhula mzima. Gharama yake ni flashi ya GB 8 na data ya kupakua faili ya takriban GB 3.